Ramani ya Mawazo au Orodha ya Ngazi? Ulinganisho wa Programu za Bure za Kupanga Dondoo

Anayeandika tasnifu kuhusu karafuu za Pemba hakosi maneno ya kuandika. Akishapitia majalada ya Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, akaongea na wachumaji wa Wete na Mkoani, akanakili bei za Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), huwa na madaftari matatu yaliyojaa na faili moja refu ambalo kila siku linaongezewa kitu mwishoni. Kinachomshinda ni kujua dondoo ipi inakaa na ipi. Malipo ya mchumaji kwa pishi ameyaandika ukurasa wa nne, habari ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 iko ukurasa wa thelathini, na kimbunga cha 1872 kimetajwa mahali patano bila ya dondoo moja kuijua nyingine. Ulinganisho huu ni wa programu za bure zinazoweza kumtoa mtu katika hali hiyo, na kipimo changu ni kimoja: dondoo zangu mwenyewe kuhusu karafuu, zaidi ya mia moja, ambazo nimezipitisha katika programu hizi moja baada ya nyingine kwa kipindi cha likizo ya skuli.

Programu zenyewe ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa ramani ya mawazo: mada huwekwa katikati, matawi hutoka pande zote, na kila tawi huzaa vitawi. Njia hii ilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, hasa kupitia vipindi vyake vya televisheni ya BBC vya mwaka 1974. Ukoo wa pili ni wa orodha ya ngazi: kila kifungu hukaa chini ya kikubwa chake, kimesogezwa ndani kidogo, na kikubwa kikikunjwa, vidogo vyake vyote hujificha. Orodha za namna hii ni kongwe katika kompyuta, kwani Douglas Engelbart alizionyesha mbele ya hadhira mjini San Francisco mwaka 1968. Ukitazama ndani kabisa, koo zote mbili zinahifadhi kitu kile kile, yaani mti wenye shina na matawi. Tofauti iko katika kile kinachofika machoni. Ramani huonyesha mada nzima kwa pamoja lakini haisemi lipi litangulie; orodha husema waziwazi lipi litangulie, ila huonyesha kipande kile tu kinachoenea kwenye kioo.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu wanafunzi wengi niliowaona huchagua programu kwa uzuri wa rangi zake, wakati swali la kwanza linapaswa kuwa: je, nimeshaijua tartibu ya hoja zangu, au bado naitafuta? Aliye bado anatafuta atasaidiwa na ramani. Aliyekwisha kuijua, ramani itamchelewesha.

Programu za ramani

Nimekaa na Freeplane kwa muda mrefu kuliko programu nyingine yoyote ya ukoo huu, na nitaieleza kwa urefu. Ilichipuka kutoka FreeMind, programu iliyoanza mwaka 2000, pale Dimitry Polivaev, mmoja wa waandishi wa FreeMind, alipoamua kuendeleza kazi hiyo katika njia yake mwenyewe. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya lile la bure, haihitaji akaunti, na inafanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Huendeshwa juu ya Java, programu ya msingi ambayo lazima iwemo kwanza katika kompyuta, jambo ambalo zamani liliwasumbua wengi, lakini kwa Windows sasa lipo faili la kusakinisha linalokuja na Java yake ndani. Lipo pia toleo la kubeba kwenye flashi, na hilo lina maana kubwa kwa mwanafunzi anayetumia kompyuta za maabara ambazo haruhusiwi kusakinisha kitu.

Kuandika ndani yake ni kazi ya vidole bila ya kugusa kipanya: kitufe cha Tab huzaa nodi (kituo kimoja cha ramani) ya chini, Enter huongeza ndugu yake, na kitufe cha nafasi hukunja tawi au kulikunjua. Nilianza na "Karafuu za Pemba" katikati na matawi matano, yaani ardhi, kazi, soko, hali ya hewa na usindikaji, kisha nikazimimina dondoo zote bila ya kujali mpangilio. Baada ya saa moja hivi ramani ilikuwa imeshanifundisha jambo ambalo madaftari yalikuwa yamelificha. Tawi la kazi lilikuwa limeelemewa na kuchuma, kuchambua, kuanika juu ya majamvi na malipo ya pishi, ilhali tawi la usindikaji lilikuwa na kijitawi kimoja tu kuhusu kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi. Nilikuwa nadhani nina sura nzima ya usindikaji, na ramani ikanionyesha kuwa sina. Orodha isingenionyesha upungufu huo kwa haraka hivyo, kwa sababu katika orodha sura tupu na sura iliyojaa zote huonekana kama mstari mmoja zikiwa zimekunjwa.

Jambo la pili ni viunganishi. Kimbunga cha 1872, ambacho kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama kwa kiasi kikubwa, kinakaa katika tawi la hali ya hewa, lakini athari zake zimo katika ardhi, katika kazi na katika soko, maana ndicho kilichoipa Pemba nafasi ya kuwa kisiwa kikuu cha karafuu. Freeplane inakuruhusu kuchora mshale kutoka nodi moja hadi nyingine iliyo mbali nayo na kuandika neno juu ya mshale huo. Mishale mitatu iliyotoka katika nodi ya kimbunga ndiyo iliyoniambia kwamba tukio hilo halifai kuwa aya ndani ya sura ya hali ya hewa, bali linafaa kuwa mlango wa tasnifu nzima.

Dosari zake nazo nizitaje. Sura ya programu imejaa menyu ndefu, na anayeifungua mara ya kwanza anaweza kuifunga kabla hajaijua. Nodi si mahali pa kuandikia aya. Ukijaribu, ramani huvimba na kupoteza umbo, na inabidi maandishi marefu uyaweke katika kidirisha cha maelezo kilicho pembeni. Zikizidi mia, nodi haziwezi tena kusomeka zote kwenye kioo kimoja, na hapo ndipo panapohitajika kichujio: niliziwekea alama dondoo zote zinazohitaji kuhakikiwa Kilimani, kisha nikaiamuru programu inionyeshe hizo tu, nikaenda nazo zikiwa orodha mkononi.

XMind inashinda kwa uzuri. Ramani yake hupendeza tangu mwanzo bila ya kuhangaika, na kwa mtu anayetaka kuwasilisha mada mbele ya darasa au mbele ya jopo la watahini, hilo si jambo dogo. Lakini toleo lake la bure ni kionjo cha toleo la kulipia: picha unayoitoa huwa na alama ya programu, na baadhi ya njia za kutoa kazi yako zimefungiwa wanaolipa. Mimi ningeitumia kwa wasilisho la siku moja, si kwa dondoo za miaka miwili.

Coggle haisakinishwi, hufanya kazi ndani ya kivinjari, na mpango wake wa bure unaruhusu michoro mitatu ya faragha, mingine ikiwa wazi kwa umma. Nguvu yake ni kwamba watu kadhaa wanaweza kuifanyia kazi ramani moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), mmoja akiwa Tunguu na mwenzake yuko kwao Chake Chake, wanaweza kupanga kazi yao ya pamoja bila ya kusubiri boti. Udhaifu wake ni ule wa huduma zote za aina hiyo: bila ya bando hakuna ramani.

Hapa naomba nisimulie lililonipata, kwa kuwa ndilo lililobadilisha kipimo changu. Miaka kadhaa iliyopita niliweka dondoo za somo zima katika huduma moja ya mtandaoni, ambayo nayo ilikuwa ya bure. Masharti yalibadilika, idadi ya ramani zinazoruhusiwa ikapunguzwa, na ramani zangu za zamani zikabaki za kutazamwa tu. Nilizitoa kama picha, na picha haihaririwi. Nilikaa siku nne nikiziandika upya kwa mkono, neno kwa neno. Tangu wakati huo, kabla ya kuuliza programu inafanya nini, nauliza faili lake linakaa wapi na linafunguka kwa nini kingine. Faili la Freeplane, lenye kiambishi cha mm, ni maandishi ya kawaida ya XML. Hata programu yenyewe ikitoweka kesho, maneno yako utayasoma kwa kihariri cha maandishi chochote. Na sisi wa visiwani tunayo sababu ya ziada ya kutaka faili liwe ndani ya kompyuta: aliyekuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa gizani kwa kuharibika kwa waya wa umeme wa baharini, hahitaji kuelezwa kwamba kazi yake isitegemee kitu kilicho ng'ambo ya bahari.

Kabla ya kuuacha ukoo huu, CmapTools inastahili neno. Imetengenezwa na taasisi ya IHMC ya Florida, ni ya bure, na inafuata ramani za dhana za Joseph Novak, ambazo si sawa na ramani za Buzan. Humo kila mstari unaounganisha vitu viwili lazima uwe na kitenzi: kimbunga "kiliangusha" mikarafuu, uhaba "ulipandisha" bei. Hakuna shina moja la katikati, na kitu kimoja kinaweza kuwa na wazazi wengi. Kwa anayefundisha biolojia au historia ya sababu na matokeo, kulazimishwa kutaja kitenzi ni faida kubwa, kwani mwanafunzi hawezi kuchora mstari asioujua maana yake. Kwa kukusanyia dondoo ni nzito mno.

Programu za orodha

Programu ya kwanza ya orodha ambayo ningemshauri mtu aitazame huenda tayari anayo: ni LibreOffice Writer. Wengi wanaitumia kama taipureta, wakikoleza wino wa vichwa vya habari kwa mkono, na hivyo hawajui kuwa ndani yake mna programu kamili ya kupanga. Vichwa vikiwekwa kwa mitindo yake, yaani Ctrl+1 kwa sura, Ctrl+2 kwa sehemu na kuendelea, kitufe cha F5 hufungua kidirisha kinachoonyesha vichwa vyote kwa ngazi. Kutoka katika kidirisha hicho unaweza kukipandisha kichwa juu au kukishusha chini, na maandishi yake yote, pamoja na tanbihi, hufuata. Nilikuwa nimeuweka mgogoro wa ununuzi wa karafuu wa 1937 na 1938 mwishoni mwa sura ya soko, nikaona mahali pake ni mwanzoni; kurasa saba zilihama kwa kubofya mara tatu, na namba za tanbihi zikajirekebisha zenyewe. Hakuna ramani inayoweza kufanya hivyo kwa maandishi yaliyokwisha kuwa aya. Udhaifu wa Writer ni katika hatua ya awali: dondoo ya mstari mmoja haistahili kuwa kichwa, na zikiwa mia kidirisha hugeuka msitu.

Kwa dondoo hizo ndogo ndogo ndipo zinapofaa Workflowy na Dynalist. Zote mbili ni orodha tupu zinazokunjwa na kukunjuliwa, na zote zinataka akaunti. Workflowy ni sahili na ya haraka, ila mpango wake wa bure huweka kikomo cha idadi ya vifungu vipya kwa mwezi, na mtu anayemimina dondoo za utafiti hukigonga mapema. Dynalist haina kikomo hicho, inakubali nyaraka nyingi badala ya orodha moja kubwa, na kwa sababu hiyo naiona bora kwa kazi yetu. Zote hutoa kazi yako kwa muundo wa OPML, ambao programu nyingi za ngazi huusoma, kwa hiyo mlango wa kutokea upo. Hata hivyo, asili ya kazi yako iko katika seva zao, na nimeshaeleza kwa nini hilo linanisumbua.

Logseq na Obsidian zinalijibu sumbuko hilo kwa namna moja: dondoo zako ni mafaili ya kawaida ya Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio, yaliyomo katika folda ya kompyuta yako, na unaweza kuinakili folda hiyo kwenye flashi kama unavyonakili picha. Logseq ni huria, na ndani yake kila mstari ni kifungu cha orodha, ukipenda usipende. Fadhila yake kubwa ni viungo. Ukiandika jina la jambo ndani ya mabano mraba mawili mawili, jambo hilo hupata ukurasa wake, na ukurasa huo hukusanya wenyewe kila mahali lilipotajwa. Yale maandishi matano kuhusu kimbunga cha 1872 yaliyokuwa hayajuani yalikutana kwenye ukurasa mmoja bila ya mimi kuyahamisha. Tatizo huja unapotaka kuandika aya ndefu iliyonyooka, kwani programu huendelea kukukatia vipande.

Obsidian, iliyotolewa mwaka 2020 na watu wale wale wa Dynalist, si huria kwa maana ya msimbo wake kuwa wazi, lakini matumizi yake ni bure. Kinacholipiwa ni huduma za pembeni, kama ile ya kuoanisha dondoo baina ya simu na kompyuta. Inakubali aya na orodha kwa usawa, ina viungo vile vile vya mabano, na ina ubao uitwao Canvas ambapo dondoo hugeuka kadi unazoweza kuzisogeza na kuziunganisha kwa mishale. Ubao huo si ramani ya mawazo kamili, maana kadi hazijipangi zenyewe, lakini kwa mtu asiyetaka programu mbili unatosha. Hatari yake ni wingi wa viongezo. Nimewaona vijana wenye bidii wakimaliza wiki wakiipamba Obsidian, na dondoo zikabaki zile zile kumi.

Org-mode, aliyoianzisha Carsten Dominik mwaka 2003 ndani ya kihariri cha Emacs, ni orodha yenye nguvu kuliko zote nilizozitaja, na mafaili yake ni maandishi matupu yenye nyota mwanzoni mwa vichwa. Inafaa kwa aliyekwisha kuijua Emacs. Asiyeijua, asijifunze vyote viwili katika mwaka wa tasnifu.

Kuhama kutoka ramani hadi orodha

Katika kazi yangu koo hizi mbili hazikushindana, zilipokezana. Na kupokezana huko ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Ukilinakili tawi katika Freeplane na kulibandika katika kihariri cha maandishi, hutoka likiwa orodha iliyosogezwa ndani kwa ngazi zake. Ukifanya kinyume, yaani kunakili orodha iliyosogezwa kwa Tab na kuibandika juu ya nodi, hugeuka matawi. Kwa njia hiyo nilianza na ramani, nikaitumia mpaka nikajua sura zangu ni ngapi na ipi itangulie, kisha nikazihamishia Writer zikiwa vichwa, na tangu siku hiyo sikuirudia ramani isipokuwa kwa kichujio cha dondoo za kuhakikiwa. Kosa ambalo ningependa msomaji aliepuke ni kuendelea kuzitunza zote mbili kwa pamoja. Baada ya wiki mbili hazitalingana tena, na hutajua ipi ni ya kuaminiwa.

Simu inabadilisha hesabu hii, na si haki kuipuuza, maana mwanafunzi wa Pemba mwenye simu pekee ni wa kawaida kuliko mwenye kompyuta. Freeplane, CmapTools na Writer ni za kompyuta. Obsidian, Logseq, Dynalist na Workflowy zote zina programu za simu, na mbili za kwanza hazihitaji bando kabisa baada ya kusakinishwa. Mwenye simu tu, basi, namshauri achukue Obsidian, aandike kila dondoo kama ukurasa mfupi wenye kichwa kinachojieleza, na aendeleze viungo anapopata nafasi. Siku atakapokaa mbele ya kompyuta ya maktaba, ataihamisha folda nzima kwa waya wa simu na kuendelea pale alipoishia. Ramani kwenye kioo cha simu sikuona faida yake, kwani kuona mada nzima kwa pamoja ndiko kunakokosekana hapo.

Mwenye kompyuta, hata iwe ya zamani, aliye na rundo la dondoo na hajui sura zake, achukue Freeplane na kuvumilia menyu zake kwa siku mbili. Aliyekwisha kuandika kurasa hamsini asihame popote. Ajifunze mitindo ya vichwa ya Writer, ambayo ni kazi ya asubuhi moja. Kikundi kinachopanga wasilisho la pamoja kitumie Coggle, na mmoja wao apewe dhamana ya kuitoa kazi kwa maandishi, si kwa picha tu, kila inapofika jioni. Na yeyote atakayechagua programu ambayo sikuitaja hapa, ailetee dondoo kumi siku ya kwanza, azitoe kwa muundo wa OPML au maandishi matupu, azifungue katika programu nyingine, na azisome zote kumi kabla ya kuileta ya kumi na moja.